Mizinga na Magunia ya Mchele: Vita vya Baharini vya Guadalcanal, 1942–1943

 

Leo tumekusudia kuwasimulia habari za vita vilivyopiganwa baharini tangu Agosti 1942 hata Februari 1943, karibu na kisiwa kiitwacho Guadalcanal. Wengi wamepata kulisikia jina hilo kwa ajili ya askari waliopigana katika misitu na matope ya kisiwa kile. Askari hao tutawaacha msituni kwao, tukae pwani tutazame maji. Maana askari aliye kisiwani hali majani. Hula kile aletewacho na merikebu, na risasi zake nazo huja kwa merikebu. Mwenye kuweza kuleta merikebu zake zikapakua salama ndiye aliyekuwa na kisiwa. Jambo hilo mliweke moyoni tangu sasa, kwa kuwa mtaona jinsi majemadari hodari walivyolisahau, nao wakajuta.

Mwenye ramani na aifungue. Upande wa kaskazini-mashariki ya Australia ataona visiwa vingi vimepangika safu mbili, mfano wa watu wanaotembea sambamba. Hivyo ni Visiwa vya Solomon. Wahispania waliofika huko mwaka 1568 walitumaini dhahabu, na visiwa vikapata jina la Mfalme Suleimani, yule ambaye utajiri wake watajwa vitabuni. Guadalcanal ni jina la kijiji cha Uhispania, na mwanzo wa neno hilo ni neno la Kiarabu, wadi, yaani bonde la mto. Zamani za vita visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza; vilipata uhuru wao mwaka 1978. Guadalcanal yenyewe ina urefu wa kama maili 90, na ng'ambo yake kaskazini kiko kisiwa kidogo cha Tulagi. Kati ya hivyo viwili pana mlango wa bahari ambao upana wake haupitani sana na ule wa kati ya Unguja na mrima. Mdomoni mwa mlango huo, upande wa magharibi, kimesimama kisiwa cha mviringo chenye mlima, jina lake Savo.

Wajapani waliingia vitani na Marekani na Uingereza mwezi wa Desemba 1941, na kwa muda wa miezi michache walitwaa nchi nyingi. Januari 1942 waliuteka mji wa Rabaul, wakaufanya bandari yao kuu ya upande ule. Mei wakafika Tulagi. Julai wakaanza kufyeka na kusawazisha kiwanja cha ndege katika Guadalcanal. Kiwanja hicho kingalikwisha, ndege zao zingaliweza kuzitisha merikebu zote zipitazo kati ya Marekani na Australia. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1942 askari wa Marekani waitwao Marini waliteremka pwani, na kesho yake wakakitwaa kile kiwanja kabla hakijakwisha. Wakakiita Henderson, kwa jina la rubani wao aliyekufa mwezi wa Juni katika vita vya Midway.

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu manowari, maana si zote namna moja. Zilikuwako zile kubwa kabisa, zenye ngozi nene ya chuma na mizinga ambayo mdomo wake ulikuwa na upana wa inchi 14 au 16. Ziko za kadiri, nazo huitwa kruza. Ziko ndogo nyepesi zenye mbio, huitwa destroya. Tena ziko zile zilizo kama viwanja vya ndege vinavyoelea. Topido ni kombora lenye mtambo wake, liendalo ndani ya maji kama samaki hata likaitoboe merikebu chini ya mstari wa maji. Topido za Wajapani zilikuwa bora kupita zote za zamani zile. Kwa sababu ya hewa ya oksijeni iliyotiwa ndani yake zilikwenda mbali sana, wala hazikuacha povu kubwa la kuonekana. Wamarekani hawakuijua siri hiyo, na ujinga huo uliwagharimu watu wengi.

Sasa tuje kwenye usiku wa kwanza, usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti.

Jemadari Mikawa alikuwa ametoka Rabaul na kruza saba na destroya moja. Ndege ya Waaustralia iliziona manowari hizo mchana, ikapeleka habari. Lakini habari ilichelewa njiani, na ilipofika ilikuwa na makosa, ikiwafanya wakubwa wafikiri kwamba Wajapani wanakwenda kujenga kituo cha ndege za majini mahali pengine. Mabaharia wa Marekani na Australia walikuwa hawajapata usingizi mzuri kwa siku mbili. Kiongozi wa kruza za ulinzi aliitwa mkutanoni usiku ule, akaondoka na manowari yake. Destroya mbili ziliwekwa nje zipige zamu. Mikawa akapita karibu na moja yao, mizinga yake yote imeielekea, wala wenye zamu hawakumwona. Wajapani walikuwa wamejizoeza miaka mingi kupigana gizani, na walinzi wao walitumia darubini kubwa zilizokusanya nuru kidogo ya usiku.

Yapata saa nane kasorobo za usiku ndege za Mikawa ziliangusha mianga angani, na kruza za adui wake zikaonekana wazi kana kwamba ni mchana. Kwa muda wa kama nusu saa tu kruza nne ziliangamizwa: Canberra ya Australia, na Quincy, Vincennes na Astoria za Marekani. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Wajapani hawakupoteza hata manowari moja usiku ule.

Basi njia ilikuwa wazi mbele ya Mikawa. Nyuma ya kruza zilizokuwa zikiungua zilikaa merikebu za shehena, zimebeba chakula, risasi na vyombo vya Marini. Mikawa akageuka, akarudi Rabaul. Alichelea kukutwa na ndege kunapopambazuka, kwani hakujua kwamba manowari za ndege za Marekani zilikuwa zimekwisha ondoka. Hatupendi kumhukumu mtu aliyekuwa gizani, mwenye dakika chache za kukata shauri. Hata hivyo twaona kwamba alizihesabu manowari akaacha kuhesabu magunia.

Lakini hata Marini hawakupona sawasawa. Merikebu zao za shehena ziliondoka mchana wa tarehe 9 kabla hazijakwisha kupakua, wakaachwa kisiwani na chakula kidogo. Walikula milo miwili kwa siku, na sehemu ya chakula hicho ilikuwa mchele walioukuta katika ghala za Wajapani. Kwa majembe na mashine za Wajapani hao hao wakakimaliza kiwanja, na tarehe 20 Agosti ndege zao za kwanza zikatua.

Tangu siku hiyo bahari ile ikawa na mabwana wawili. Jua likichomoza, ilikuwa ya Wamarekani, kwani ndege za Henderson ziliruka na kupiga chochote cha Wajapani kilichoonekana majini. Jua likitua, ndege hazikuweza kuona kitu, na bahari ikawa ya Wajapani. Destroya zao zilikuja mbio katika njia ya maji iliyo kati ya zile safu mbili za visiwa, zikashusha askari, zikapiga mizinga kidogo, zikarudi mbio ili kupambazuke ziko mbali. Wamarekani waliziita Garimoshi la Tokyo. Wajapani wenyewe waliita kazi hiyo uchukuzi wa panya, nalo ni jina la haki, maana panya hutembea usiku, na mzigo wake ni mdogo. Destroya huchukua watu. Haichukui mizinga mizito wala chakula cha jeshi.

Tusiwasahau wenyeji. Wazungu wachache waliojificha vileleni na mitambo ya redio waliziona ndege na manowari za Wajapani zikipita, wakapeleka habari mapema. Nao walilishwa, walibebewa mitambo na walilindwa na watu wa visiwani. Katika Guadalcanal alikuwako Jacob Vouza, askari polisi mstaafu. Wajapani walimkamata mwezi wa Agosti, wakamfunga mtini, wakamchoma kwa singe wapate kujua walipo Wamarekani. Hakusema. Walipomwacha wakidhani amekufa, alizitafuna kamba, akatambaa na majeraha yake mpaka kwa Marini, akawaonya kwamba Wajapani wanakuja. Alipona, akaishi hata mwaka 1984.

Mapigano ya miezi miwili iliyofuata tutayapita haraka. Agosti 24 manowari za ndege za pande zote mbili zilipambana mashariki ya visiwa, na Ryujo ya Wajapani ikazama. Septemba 15 nyambizi ya Kijapani iliizamisha Wasp ya Marekani. Usiku wa Oktoba 11 Jemadari Scott wa Marekani aliwashinda Wajapani karibu na Rasi ya Esperance, akaonyesha kwamba nao wenzake waweza kupigana gizani wakisaidiwa na rada, chombo kile kionacho vitu visivyoonekana kwa macho. Siku mbili baadaye manowari kubwa mbili, Kongo na Haruna, zilisogea karibu na pwani zikakinyeshea kiwanja cha Henderson makombora zaidi ya 900 kwa usiku mmoja. Askari walilala kifudifudi katika mahandaki, ardhi ikitikisika chini yao, na kulipokucha wakakuta ndege nyingi zimekuwa vyuma chakavu. Oktoba 26, karibu na Visiwa vya Santa Cruz, Wamarekani waliipoteza Hornet; Wajapani nao walipoteza marubani wengi hodari ambao hawakuweza kuwapata wengine mfano wao.

Ndipo ukaja mwezi wa Novemba, na hapa yatupasa kukaa.

Wajapani walikuwa wamekata shauri la kuacha kazi ya panya. Walipakia merikebu kubwa 11 za shehena, zenye askari kama 7,000, chakula na mizinga. Lakini ili merikebu hizo nzito zipite mchana, ilikuwa lazima kiwanja cha Henderson kinyamazishwe kwanza. Basi Jemadari Abe aliletwa na manowari kubwa mbili, Hiei na Kirishima, pamoja na wasindikizaji wao, akirudie kile kiwanja kama kilivyopigwa mwezi wa Oktoba. Wamarekani hawakuwa na manowari kubwa karibu. Walikuwa na kruza tano na destroya nane, chini ya Jemadari Callaghan, naye akaamriwa awazuie kwa hizo hizo alizo nazo.

Walikutana usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 13 Novemba, yapata saa nane kasoro dakika kumi, giza tupu, bila mwezi. Majeshi yale mawili yaliingiana kabla hayajafyatua hata mzinga mmoja. Manowari ya Kijapani ikawasha taa yake ya kumulika. Na toka hapo hapakuwa tena na safu wala amri, ila kila nahodha na kivuli kilichomkabili. Mizinga iliyotengenezwa kupiga mbali maili nyingi ilifyatuliwa kwa karibu kama watu wanaorushiana mawe uani. Destroya Laffey ilipita mbele ya omo ya Hiei karibu kugusana, hata mizinga ile mikubwa ikashindwa kuinamishwa kuipiga. Hiei kwa bahati yake mbaya ilikuwa na makombora ya kuunguzia kiwanja, si ya kutobolea chuma. Katika mchafuko ule makombora ya kruza San Francisco yaliipiga kruza Atlanta, na zote mbili ni za Marekani. Jemadari Scott, aliyekuwa ndani ya Atlanta, aliuawa. Callaghan naye aliuawa katika San Francisco. Wakubwa wawili katika usiku mmoja.

Kulipokucha, Hiei ilikuwa ikizunguka karibu na Savo usukani wake umeharibika, ndege za Henderson zikaishambulia mchana kutwa, na jioni ikazama. Wamarekani walikuwa wamepoteza destroya nne, na Atlanta ikazama jioni ile. Lakini Abe alikuwa amerudi nyuma, na kiwanja hakikuguswa.

Katika kruza zilizokuwa zikijikokota kurudi, ilikuwako Juneau, imekwisha pigwa topido moja usiku. Yapata saa tano asubuhi nyambizi ya Kijapani iliitia topido nyingine, ikapasuka kwa moshi mkubwa, na moshi ulipoondoka hakikuonekana kitu majini. Ilikuwa na watu karibu 700. Manowari nyingine, zikiogopa nyambizi ile na kudhani hakuna aliyepona, hazikusimama. Kumbe watu kama 100 walikuwa wakielea katika mafuta. Habari yao ilipelekwa kwa ndege, ikacheleweshwa ofisini. Jua, kiu, majeraha na papa viliwamaliza mmoja mmoja, na baada ya siku nane walipatikana 10 tu walio hai. Katika waliokufa walikuwamo ndugu watano, baba mmoja mama mmoja, wa jamaa ya Sullivan kutoka mji wa Waterloo. Walikuwa wameomba wasitenganishwe, wakakubaliwa. Wazazi wao waliletewa habari mwezi wa Januari 1943, wote watano kwa siku moja.

Siku ya tarehe 14 zile merikebu 11 za shehena zilikuja mchana, na ndege za kiwanja ambacho hakikunyamazishwa zikaziendea. Saba ziliangamizwa, na destroya zilizokuwa zikilinda zikashinda kuokota watu majini. Usiku Kirishima ilirudi kukipiga kiwanja, ikakutana na manowari kubwa mbili za Marekani, South Dakota na Washington, chini ya Jemadari Lee. South Dakota ilizimikiwa umeme wote, ikawa kama kipofu, ikashambuliwa vikali. Wajapani wote walipokuwa wakiitazama hiyo, Washington ilikaribia gizani bila kuonekana, ikiongozwa na rada, na kwa dakika chache ikaivunja Kirishima kwa mizinga ya inchi 16.

Zilibaki merikebu nne za shehena. Jemadari Tanaka, aliyeziongoza, alijua kwamba kukipambazuka zitakwisha. Akaziamuru zipande mchangani kwa nguvu zote. Zikapanda. Askari kama 2,000 waliruka pwani na chakula cha siku chache, kisha ndege na mizinga vikazichoma pamoja na kilichosalia ndani.

Tangu hapo Wajapani walirudia kazi ya panya, lakini sasa panya alichukua chakula. Walijaza mchele katika mapipa ya chuma, wakaacha nafasi ya hewa yapate kuelea, wakayafunga kwa kamba moja ndefu. Destroya ilipita karibu na pwani, ikayaacha mapipa majini, na askari walio pwani wakivute kile kichwa cha kamba. Usiku wa Novemba 30 Tanaka alikuja na destroya nane namna hiyo, akakutwa na kruza tano za Marekani karibu na Tassafaronga. Rada iliwaona Wajapani kwanza. Hata hivyo mimweko ya mizinga ya Wamarekani iliwaonyesha Wajapani mahali pa kulenga topido zao. Kruza Northampton ilizama na nyingine tatu ziliharibiwa vibaya. New Orleans ilikatika omo yote, karibu robo ya urefu wake. Mabaharia wake wakaifikisha Tulagi, wakakata minazi, wakaziba kwa magogo ya minazi lile pengo, wakaenda nayo mpaka Australia. Watu wa pwani mtaelewa kwa nini tumependa kulitaja hilo. Tanaka alipoteza destroya moja tu. Jina lake likasifiwa hata na adui zake. Lakini mapipa hayakufika pwani.

Siku tatu baadaye aliyaacha mapipa 1,500 majini, na askari wakafaulu kuvuta kama 300. Waliokuwa wakivuta hawakuwa na nguvu. Mengine yalikatika kamba, mengine yalipigwa risasi na ndege asubuhi. Wajapani walilifupisha jina la kisiwa kile kuwa Ga, wakaliandika kwa herufi yenye maana ya njaa.

Mwisho wa Desemba wakubwa wa Tokyo walikubali kuacha. Mwanzoni mwa Februari 1943 destroya zilikuja tena kwa siri usiku tatu, zamu hii tupu, zikaondoka zimejaa. Watu zaidi ya 10,000 waliokolewa, wengi hawawezi kusimama, na Wamarekani walidhani kwamba ni jeshi jipya linaloletwa. Tarehe 9 Februari ndipo walipogundua kwamba mbele yao hapana mtu. Katika Wajapani waliofikishwa kisiwani, zaidi ya 20,000 walifia huko, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kwa Wamarekani hesabu ilikuwa namna nyingine: askari wa nchi kavu waliokufa hawakufika 2,000, bali mabaharia walikuwa karibu 5,000. Kila upande ulipoteza manowari 24.

Mlango ule wa bahari kati ya Guadalcanal na Tulagi umeitwa tangu zamani zile Mlango wa Chini ya Chuma. Wapiga mbizi na mashine zao walianza kuzipiga picha manowari zilizolala humo mwaka 1992, na mwaka 2025 waliiona omo ya New Orleans. Lakini mabaki ya merikebu moja hayahitaji mashine kuyaona. Ni ya Kinugawa Maru, moja ya zile nne zilizopandishwa mchangani na Tanaka. Yako Bonegi, magharibi ya mji wa Honiara, hatua chache tu kutoka pwani. Matumbawe yameota juu yake na samaki wamefanya makao. Haikuwa manowari. Ilikuwa merikebu ya shehena.